Bendera Nyeupe Langoni Petu

Ha Ralebona,
S.L.P. 31,
Mafeteng, Lesotho.
6 Agosti, 2017.

Mpendwa mdogo wangu Malineo,

Kwa jina la Mungu aliye hai, ambaye rehema zake huamka kabla yetu kila asubuhi, nakusalimu wewe, shemeji yangu Motlalepula na wapwa zangu wote wawili. Hamjambo huko Durban? Kifua cha shemeji kimepata nafuu? Sisi tu wazima. Baridi imekausha malisho, na wifi yako Mathato analinung'unikia goti lake kama ilivyo ada. Usiushangae mwandiko huu. Ukiona herufi zinacheza, ujue safari hii ni furaha inayoandika.

Ndugu yangu, sijaonja pombe tangu Jumatatu ya Pasaka. Nimeuandika mstari huo, nikausoma mara mbili, nikamwita Mathato naye ausome.

Sijayasahau maneno yako ya miaka minne iliyopita, tulipomzika mama. Mimi, mwinjilisti wa miaka mingi niliyekabidhiwa sala ya mwisho, niliyumba kwa ulevi nikaangukia udongo wa kaburi lake, kitabu cha sala kikiwa mkononi. Hukunipigia kelele. Ulisema tu kwamba wanao hawataikanyaga nyumba yetu hadi nikuambie kwa kinywa changu kwamba nimeacha, nawe uone kwamba ni kweli.

Sikia jinsi Mungu alivyonikamata. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa Januari. Nilikuwa nimekificha kikombe changu cha bati chini ya blanketi nililojitanda, nikitafuta mahali ambapo waumini wetu hawapiti. Mwisho wa kijiji cha jirani nikaiona bendera nyeupe, ile itangazayo kwamba pombe ya mtama imeiva. Nikamshukuru Mungu, naye anisamehe shukrani ile. Nikaingia, nikakuta watu wanane kwenye mabenchi, nikaketi, nikakitoa kikombe. Mwenye nyumba, muuguzi mstaafu aitwaye Keneuoe, akanijazia chai.

Nilidhani ni mzaha. Jirani yangu kwenye benchi, fundi wa mawe aitwaye Sekhobe, akaniinamia: "Kunywa tu, Ntate, baba yangu. Sote hapa tuliingia na vikombe vyetu." Wakacheka hadi benchi likatikisika. Nikamuuliza yule mama, kwa ukali wa mtu aliyedhulumiwa, kwa nini anawahadaa wapita njia.

"Nikipiga kengele watakuja wasio na kiu," akanijibu taratibu. "Mimi nawatafuta wenye kiu."

Ningeondoka pale pale. Lakini wajua tulivyolelewa: mgeni hakiachi chakula alichoandaliwa, na mkate wa moto ulikuwa umeshakatwa. Ndivyo adabu aliyotufunza mama ilivyonizuia mlangoni.

Kumbe ulikuwa mkutano wa watu wanaosaidiana kuacha ulevi. Kila mmoja husimama akaeleza habari zake, wala hakuna anayemhukumu. Zamu yangu ilipofika niliwahubiria Nuhu na shamba lake la mizabibu, tena kwa kirefu. Nilipomaliza, Keneuoe akasema, "Ya Nuhu tumeyasikia, Ntate. Ya kwako je?" Nikaketi.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na ile ya tatu pia. Siku hiyo ya tatu nikasimama nikasema, "Mimi ni Letlatsa, nami ni mlevi. Nilianguka juu ya kaburi la mama yangu." Sekhobe alinisogezea mkate. Malineo, nimefundisha habari za toba miaka thelathini, na mchana ule ndipo nilipoijua ladha yake.

Sikufichi kitu: Jumapili ya Pasaka niliteleza. Kesho yake niliona haya hata kutoka nje. Sekhobe akaja mwenyewe, akakaa nami tangu asubuhi hadi jua likachwa, akizungumzia mawe tu: lipi hupasuka, lipi huvumilia baridi. Tangu siku hiyo sijakosa mkutano hata mmoja.

Na huyo huyo Sekhobe ndiye aliyechonga jiwe la kaburi la mama. Tutalisimamisha Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na mchungaji amenirudishia sala ile ya mwisho. Usiniamini kwa barua. Njoo uone kwa macho yako, uje na watoto.

Nisalimie sana shemeji, na Lineo, umwambie mjomba wake bado anakumbuka deni la hadithi ya sungura. Mathato anakusalimu, na mama mdogo Mapuseletso anauliza kama ungali unaimba sauti ya pili.

Limebaki jambo moja, nalo nakuomba ulishike. Tumekuwa watu ishirini na wawili, na nyumba ya Keneuoe haitutoshi. Tangu Julai tunakutana uani petu kila Jumamosi. Kwa hiyo mtakapofika mtaikuta bendera nyeupe langoni. Moyo wako utashtuka. Usimwambie shemeji ageuze gari. Ingia, mdogo wangu. Chai itakuwa motoni, na kikombe changu cha bati nimekuwekea wewe.

Bwana ailinde milango ya nyumba yako, awape wanao miaka mingi na usingizi mtamu, awafikishe salama na kuwarudisha salama. Amina.

Mimi kaka yako nikupendaye bila kukoma,
Letlatsa