Kitabu cha Babu Kilichovuka Kivuko

Changamwe, 3 Machi 1996

Ami yangu Mbwana,

Shikamoo. Mimi mzima, natumai kifua chako kimepoa. Kitabu cha tenzi cha Babu kimefika salama. Kwenye feri nilikipakata kama mtoto.

Hapa kwenye mradi wetu wa kuhifadhi vitabu vya kale kila ukurasa unapigwa picha, picha inaingia kwenye kompyuta, kisha kwenye disketi. Nimemwomba mkurugenzi wetu, Bwana Musyoka, tutoe nakala za pili za disketi tuziweke jengo jingine, na vitabu virudi kwa wenyewe upesi. Akacheka: "Waridi, wewe huota mabaya hata hujalala!" Wenzangu nao wakacheka. Ami, kila kitu kimo ndani ya kabati moja, chini ya dari lenye doa la maji. Nimeandika onyo mara mbili, dari halijaguswa.

Mwanao,
Waridi

Likoni, 20 Machi 1996

Mwanangu Waridi,

Marahaba. Kifua huja kikaenda, alhamdulillahi. Mihogo imekubali mwaka huu. Usigombane na mkubwa wako kwa ajili ya kitabu. Kazi zenyewe ziko wapi siku hizi? Kula vizuri, usikonde.

Ami yako,
Mbwana

Changamwe, 12 Mei 1996

Ami,

Shikamoo. Sijui hata nianze vipi kukuuliza hali. Mvua ya juzi imeangusha dari juu ya kabati. Disketi zimejaa tope, hazisomeki. Kitabu cha Babu nilipokifungua kilinibakia mkononi kama uji, wino wote umetiririka. Bwana Musyoka anasema, "Ni kazi ya Mungu." Kazi ya Mungu! Nilimwonyesha lile doa kwa kidole changu.

Sina uso wa kuja Likoni. Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Mwanao,
Waridi

Likoni, 30 Juni 1996

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa haya, si kwa hasira. Kitabu cha Babu kiko hapa kwangu, wallahi. Nilichokupa ni nakala aliyoiandika mama yangu alipokuwa mwari. Kwetu kitabu chenyewe hakivuki maji. Anayekitaka huja akaketi, akanakili. Sikukwambia kwa kuwa ungenuna. Nami nimepoteza mwandiko wa mama, basi tusameheane.

Ami yako,
Mbwana

Changamwe, 4 Julai 1996

Ami,

Shikamoo. Muda wote huu nalia, nawe unajua! Nimefurahi na nimekasirika, sijui kipi kilitangulia. Hukuniamini, haya. Linaloniudhi zaidi ni kwamba sasa umebakiwa na kimoja tu, ndani ya nyumba ya makuti, na jiko la kuni chumba cha pili. Wewe na Bwana Musyoka mna tofauti gani?

Kazi nimeiacha. Jumamosi navuka na karatasi na wino usioogopa maji. Nitaketi, nitanakili mara mbili, na nakala moja itakaa Kisauni kwa rafiki yangu Nyamvula. Itavuka maji, Ami, upende usipende.

Na ndoo ya maji iweke karibu na jiko leo, kabla hujaikunja barua hii.

Mwanao anayenuna,
Waridi