Niliyowaandikia Wenzetu Juu Yako

Mishi shoga yangu,

Barua zetu zote tulizianza kwa "natumai u mzima wa afya, nami ni mzima". Hii siwezi kuianza hivyo. Wewe uko kaburini pale nyuma ya msikiti wa Mwabungo, mwezi wa tano sasa. Mimi afya ninayo, ila nina kinyaa. Ninacho tangu kabla ya Ramadhani, kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki, hakimezeki wala hakitemeki. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo lenyewe ni lako, na kwa sababu waliobaki siwaamini tena na maandishi. Hata mimi sijiamini.

Unakumbuka lilivyoanza. Salma alituletea barua ya stempu kutoka Uingereza, akasema wenzetu wa kidato cha nne waliopata kazi za ofisini sasa wanaandikiana kwa kompyuta, na mimi niliyeajiriwa kwenye ofisi ya kusafirisha watalii hapa Diani ningekosaje? Nikamwomba bosi, akaniruhusu saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa tisa. Majina yetu tisa yalipangwa juu ya kila imeli, na ukimjibu mmoja umewajibu wote.

La tisa lilikuwa jina lako, ingawa kompyuta hukuwa nayo; anwani nilikufungulia mimi pale ofisini. Ulifundisha darasa la pili katika shule ambayo hata chaki mlikuwa mkigawana. Kwa hivyo nikawa nazichapisha barua zao na kukuletea kila Ijumaa, nawe ukizisomea kwenye benchi la mamako barabarani, karai la mahamri likichemka pembeni. Halima amejifungua pacha. Zainabu amehamia Nairobi na mwenye nyumba wake anafuga kuku bafuni. Salma ameona theluji kwa mara ya kwanza akadhani jirani anachoma takataka. Ulikuwa unacheka hadi unashika kifua, na mamako anakwambia, "Polepole, mwanangu, polepole." Kisha unachana karatasi ya daftari na kunipa ujumbe wa kupeleka. "Waambie mvua imebeba daraja tena. Waambie Nyambura anauza nyanya Kombani na ananenepa, alhamdulillahi."

Nyambura naye hakuwa na kompyuta, wala jina lake halikuwamo kati ya yale tisa. Unajua alivyo: wazazi wake walitoka bara wakapata shamba la serikali, yeye akalala kitanda cha chini ya chako bwenini miaka minne, na mpaka leo akisema "shikamoo" anaisema kwa lafudhi ya kwao. Ukimsomea imeli alikuwa anauliza swali moja tu: "Na hao watu wote wako sawa?"

Mambo yale yalikuwa matamu, Mishi. Sikatai.

Kisha ukalazwa mara ya pili. Ulipotoka, miguu imevimba na mabega yametokeza kwenye kanga, uliniita ukaniambia, "Hawa, usiwaandikie habari ya moyo wangu. Sitaki kuliliwa kabla sijafa." Nikakuapia. Jumatatu, saa ya chakula, niko peke yangu mbele ya kompyuta, nikaandika: "Wenzangu, Mishi wetu ni mgonjwa sana. Amekuwa mifupa mitupu. Muombeeni."

Moyo sikuutaja. Nilijiona mwaminifu kwa hilo.

Siku ile walinijibu wote. Hujui maana yake. Barua zangu za siku zote zilikuwa zinajibiwa na mmoja, pengine wawili, na mara nyingine hakuna. Ni nani Uingereza anayetaka habari za mvua ya Ukunda? Siku ile wote waliandika kwangu, "Hawa tuambie", "Hawa endelea kutujulisha", "Hawa wewe ni rafiki wa kweli". Nilizisoma mara mbili mbili. Kesho yake nikaandika tena, na kwa kuwa sikuwa na jipya nikaongeza la kwangu. Niliandika kwamba nywele zako zinanyonyoka.

Nywele zako hazikunyonyoka, Mishi. Mimi ndiye niliyezisuka Alhamisi iliyotangulia, na zilikuwa zimenijaa mkononi. Niliongeza. Niliongeza ili wanijibu.

Ulipotutoka niliwatangazia. Siku tatu walilia kwa kuandika: inna lillahi, alikuwa malaika, hatutamsahau. Siku ya nne Salma akaandika: "Jamani samahani kuuliza, lakini kukonda vile, na nywele kunyonyoka, si ndio ule ugonjwa wa siku hizi?" Zainabu akajibu, "Nilikuwa naogopa kusema." Mwingine akamkumbuka yule mchumba wako wa hotelini, aliyehama bila kuaga. Mwingine akasema hotelini huko ndiko kuliko na mambo. Walikuandika hivyo wiki nzima. Na unajua kilichonitia kichefuchefu zaidi? Katika imeli ile ile, chini ya jina lako, bila hata kuruka mstari, Salma ametoa maelezo ya kupika biriani ya kuku bila mtindi. Halima ameuliza kama ni kweli kompyuta zote zitazimika mwaka elfu mbili ukiingia. Wewe ulikuwa habari kama habari nyingine, katikati ya kuku na kompyuta.

Nao walijua! Hilo ndilo linalonishinda. Walilala bwenini pamoja nawe. Siku mwalimu wa michezo alipokulazimisha kukimbia ukaanguka penye nyasi, midomo imegeuka rangi, ni nani aliyekupepea kwa daftari la jiografia huku akilia? Salma. Matroni alituita sote akatuambia moyo wako una kasoro tangu utotoni, tusikubebeshe ndoo. Miaka minne tulikuchotea maji. Vipi mtu asahau ndoo alizozibeba mwenyewe?

Sikuwajibu upesi. Nilijiambia kazi ni nyingi. Uongo. Kuwaambia ni moyo kulikuwa ni kuwaambia pia habari ya nywele. Siku ya tano ya maneno hayo ndipo nikaandika mstari mmoja: "Ulikuwa moyo, mnajua wenyewe." Salma akanijibu, "Kila familia husema hivyo, shoga." Akamalizia kwa kialama cha kicheko, vile vitone viwili na mabano.

Ningeweza kuyaacha pale kwenye kompyuta yakafia huko. Lakini Salma ana dada yake Kombani, na Salma hupiga simu nyumbani kila Jumapili. Haikupita wiki mbili, benchi la mamako likawa tupu. Walimu wenzako, waliokuwa wakinywa chai pale kabla ya kengele, wakaanza kupitia njia ya nyuma. Fundi baiskeli wa mkabala, ambaye hajawahi kupika chai maishani mwake, akanunua birika. Nilimwona mama mmoja akimvuta mwanawe mkono wakati mtoto ananyooshea kidole beseni la mahamri. Mamako hakuacha kukaanga. Kila alfajiri unga uleule, nazi ileile, na ikifika saa nne anayafunika mahamri kwa kawa na kuyarudisha nyumbani.

Nikaenda. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. Nilimwambia, "Shikamoo mama. Naomba ile karatasi ya hospitali. Nitawaandikia wenzetu wote, na nakala nitaibandika dukani, kila mtu asome kwamba ulikuwa moyo."

"Marahaba. Kaa kwanza," akasema, akanimiminia chai.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikipokea kikombe, nikakitazama. Nilitazama ukingo wake, pale pa kutilia mdomo. Mimi, Mishi. Mimi niliyekupeleka kliniki, niliyekushika mkono daktari anasikiliza kifua chako, niliyejua jina la maradhi yako kuliko jina la babu yangu. Yale maneno yao yalikuwa yameshaniingia, nikatafuta alama ya mdomo wako kwenye kikombe. Nilijichukia papo hapo, na chukizo hilo halijapungua mpaka leo.

Mamako aliniona. Alikichukua kikombe mkononi mwangu, akainywa ile chai yote amesimama, akakisuuza, akanimiminia tena. Ndipo akaketi.

"Karatasi ipo sandukuni, Hawa. Siitoi. Leo nikiwaonyesha ya moyo, watasema haya basi, mahamri hayana neno, turudini. Na yule mwenzangu wa kule juu, ambaye mwanawe amekufa kwa huo ugonjwa wenyewe, yeye auze wapi? Atoe karatasi gani?" Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Na lau ungekuwa ndio huo, Mishi asingekuwa mwanangu?"

Nilikuwa nimekuja kukutetea, kumbe utetezi wangu nao ulikuwa uchafu. Nilikuwa nawaambia watu msimkimbie huyu, wakimbieni wale. Niliinywa chai ikiwa moto, ikaniunguza ulimi, na nikafurahi imeniunguza.

Salma alikuja mwezi uliopita, kumwoza mdogo wake. Nilikwenda Kombani na nia moja. Nikamkuta uani mchana, wanawake wamejaa wanachambua mchele, yeye kanukia udi. Akanikumbatia. "Shoga yangu! Mbona umetutupa kwenye imeli?"

Nikasema mbele yao wote, "Salma, benchi la mamake Mishi halikaliwi na mtu. Ni kwa maneno yako, na yangu."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyekamatwa ameiba kitu kidogo. "Ah, Hawa nawe. Tulikuwa tunapiga soga tu. Kwani mimi niliwaambia wasile?"

"Basi twende ukale wewe. Gari ya shemeji yako iko nje. Ukionekana umekaa pale, umetoka Ulaya, unakula na kunywa, kesho watarudi."

Akaitazama mikono yake. "Hina haijakauka," akasema.

Hina ilikuwa imekauka tangu jana yake, Mishi. Ilikuwa nyekundu imekolea, na ganda lake lote limeshapukutika. Wanawake waliinamia nyungo zao. Wawili watatu walitabasamu, na sikujua wanamcheka nani. Niliondoka kabla ya chakula kupakuliwa. Kwa harufu ile ya pilau ningetapika.

Nyambura alikuwa pale pembeni anamenya vitunguu, hakusema neno. Nilimkasirikia na yeye. Nilidhani naye amejikunja kama wengine. Lakini Jumatatu yake, mamako ananisimulia, alishuka pale Mwabungo na wanawe wawili, akaketi katikati ya benchi, akaagiza. Wakala mahamri na mbaazi mpaka mtoto mdogo akalala na kipande mdomoni. Kisha akamwita fundi baiskeli kwa sauti ya sokoni: "Wewe! Siku hizi chai unainywea wapi? Hiyo ya birika lako inanuka grisi mpaka huku!" Watu wakacheka. Na kabla ya kuondoka akaweka oda: akina mama wa kanisa lao wana mkutano Jumamosi, wanataka mahamri ya kuwatosha wote. Kesho yake fundi alikuja. Hakumtazama mamako usoni, lakini alikuja, na kikombe akakimaliza. Walimu bado. Benchi halijajaa. Ukipita asubuhi utakuta watatu, wanne, na mahamri mengine bado yanarudi nyumbani.

Mimi niliwaandikia wenzetu mara ya mwisho. Niliwaeleza yote: ulinikataza nikaandika, na habari ya nywele niliitunga mwenyewe. Wengi walinyamaza. Zainabu alijibu, "Pole shoga, usijilaumu, ndio dunia," na chini yake akabandika ujumbe wa baraka ambao ukiupeleka kwa watu kumi unapata bahati, na usipoupeleka unapata mkosi. Niliutazama ujumbe ule, nikakuona wewe chini ya ardhi. Nikawaandikia waliondoe jina langu. Waliliondoa siku hiyo hiyo, hakuna aliyeuliza sababu. Lako bado liko, nasikia. Hakuna aliyekumbuka kulitoa, na kila wanachoandika kinakwenda na kwako.

Sasa saa ya chakula nakula chakula.

Lakini mamako hajui, Mishi. Anaamini ni Salma peke yake. Wenzetu niliwaambia kwa sababu wako mbali na sikuwaona nyuso. Yeye nikienda ananiita mwanangu, ananiwekea yaliyoumuka vizuri, ananiuliza kama bosi ananitendea wema. Nayala. Kila mara nakusudia kusema, na kila mara anatokea mteja, nami namshukuru mteja.

Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini, nitapita kwanza kwako nikusalimie, kisha nitavuka barabara. Nitamwambia kwamba "mifupa" niliandika mimi, nywele nilizitunga mimi, na wewe ulikuwa umeniapisha. Nitamwambia kwa mdomo wangu, nikiwa nimemwelekea. Akinifukuza nitaondoka, na asubuhi yake nitarudi kumkunia nazi, akitaka kusema nami au asitake. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na safari hii sijamwandikia mtu mwingine.

Mola akupanulie kaburi lako na akupe pumzi usiyoipata hapa.

Ni mimi,
Hawa