Swali Nililomuuliza Zaina

Mjukuu wangu Amina,

Hapa Bwiza sote wazima, alhamdulillahi. Mama yako amepona malaria, na shangazi yako wa Gihosha amejifungua mtoto wa kike.

Nimeshukuru kusikia kwamba mwenzako wa chumbani yuko kwa wazazi wake na anatibiwa. Unaniuliza kama ulikosea kumuuliza wazi kama anataka kujiua. Hukukosea.

Nikiwa msichana nilishona nguo pamoja na rafiki yangu Zaina. Alikuwa mcheshi, kisha kwa wiki nyingi akawa hasemi. Asubuhi moja alikuja anatabasamu, akanipa mkasi wake mzuri na vitenge vyake vyote.

"Mi sitavihitaji tena," alisema.

Niliogopa kwamba nikilitaja neno lile nitamtia wazo, lakini nikauliza.

"Zaina, unafikiria kujiua?"

Aliinamisha kichwa. "Ndiyo. Sikujua nimwambie nani."

Sikumgombeza wala kumhubiria. Niliacha kazi, nikakaa naye akilia, kisha tukaenda pamoja kwa dada yake, naye akampeleka kwa daktari. Haikuisha siku moja. Nilimtembelea kila jioni kwa miezi, mara nyingine tukimenya mihogo tu bila kuongea.

Leo ana wajukuu kama mimi. Juzi nilimsimulia swali lako. Akasema, "Mwambie mtoto huyo, siku ile uliponiuliza ndipo nilipoweza kupumua."

Bibi yako,
Mwajuma