Jicho la Dokta Nahumu

Jumatatu, 16 Juni 2025. Makambako
Baridi kali. Siku ya kwanza ya kambi ya macho na tayari wagonjwa sabini na wawili, wengine wametoka Mlangali. Karibu wote mtoto wa jicho.

Mchana akaingia mzee wa koti la kijivu, kashikwa mkono na binti yake Hilda. "Kamwene, daktari," akanisalimu kwa kikwao. Sauti ile! Nikatazama kadi: Nahumu. Ndiye! Dokta Nahumu, bingwa aliyenifundisha kushika kisu, kisha akanizika mzima mzima.

Macho yote mawili meupe. Hanioni. Nikaongea kwa kunong'ona, nikasingizia mafua. Nimempanga Jumatano, wa kwanza.

Jumanne, 17 Juni
Niandike, maana sijawahi kuandika.

Njombe, 2012. Mama Teodora wa Kifanya alikuwa kwenye kitanda cha upasuaji. Dokta alikuwa na haraka, akachana kifuko cha lenzi, ute wa jicho ukamwagika. Jicho likafa. Mimi nilikuwa nampa vyombo tu! Kwenye rejista akaandika jina langu. Mbele ya kamati ya hospitali akasema, kwa upole kabisa, eti Fidelia ni mwanafunzi mzuri ila mkono wake haujatulia. Upole ule!

Miaka miwili nikapima watu miwani, kisu sishiki. Mama Teodora alikufa akiamini ni mimi niliyempofua. Mdogo wake alinitemea mate sokoni.

Erica, mwanafunzi wangu, kauliza kwa nini leo nimemkaripia mara tatu. Nikamtuma akapange vyombo vya kesho.

Jumatano, 18 Juni
Nimefanya.

Ganzi ni ya jicho tu. Mgonjwa anasikia kila neno. Wanafunzi wanne nyuma yangu. Nilipoingiza kisu nikaanza kufundisha, kwa sauti yangu halisi. Hapa ndipo haraka inapoua jicho, nikawaambia, niwape kisa cha mama mmoja wa Kifanya. Nikasimulia chote, kasoro majina.

Chini ya shuka vidole vyake vikaanza kucheza.

"Tulia, mzee. Ukitikisika utapofuka."

Presha ikapanda — 170, 190. Erica akaninong'oneza, daktari, tunyamaze kidogo. Nikaendelea! Nikawauliza: mtu anayeandika jina la mwenzake kwenye kosa lake, tumwiteje? Kutoka chini ya shuka, polepole:

"Fidelia."

"Naam, dokta."

Basi. Nikaweka lenzi. Kazi safi kuliko zote za mwaka huu. Mkono haujatulia, eti!

Ndiyo, nimefurahi. Nimekula ugali sahani mbili.

Alhamisi, 19 Juni
Nilitaka uso wangu uwe kitu cha kwanza atakachokiona. Nikambandua plasta mwenyewe. Akapepesa. Akanitazama sana. Nikangoja — samahani, chozi, chochote.

Akawageukia wagonjwa wote kwenye mabenchi, akapaza sauti: "Mnamwona huyu? Nilimfundisha mimi!"

Makofi. Vigelegele! Hilda akanikumbatia analia. Nami nimesimama na plasta mkononi kama mjinga.

Na ni kweli. Alinifundisha. Hilo ndilo linalochoma.

Jicho la pili ni Jumamosi, kabla hatujafunga kambi. Anataka nilifanye mimi tu — "mwanangu", kaniita. Mwanangu! Safari hii majina nitayataja. La mama Teodora, la kwangu, la kwake. Tena Hilda nitamruhusu aingie asikie.

Erica kaja sasa hivi, kasimama mlangoni. Anaomba jicho la Jumamosi alifanye yeye. Erica! Amefanya macho matano tu maishani, na moja nilimnyang'anya kisu katikati. Nikamwuliza kwa nini alitake hilo, wapo wagonjwa wengi.

"Nadhani kwa mzee itakuwa salama zaidi, daktari." Anaangalia sakafu.

Nimejifanya naandika ripoti. Hajaondoka. Anangoja jibu.