Ubao Niliouacha Ukiwaka

Jumamosi. Manyunyu yanatoka ziwani tangu asubuhi, nguo ziko kambani zinalowa na sina nguvu ya kuzianua. Nimetoka msibani.

Kwa wasioijua kazi yangu: ule ubao mkubwa wa taa juu ya barabara, ukishapita Nyakato kuelekea nje ya mji, maneno yake nayaandika mimi, kwenye kompyuta ofisini. Alhamisi ni siku ya mnada, kwa hiyo naandika PUNGUZA MWENDO, NG'OMBE WANAVUKA. Mnada ukiisha natakiwa kuyafuta.

Sikuyafuta. Ni miezi miwili sasa.

Nilijiambia kwamba tahadhari ikizidi hakuna ubaya. Ukweli ni uvivu, nilichoka kuandika na kufuta kila wiki. Jumatatu dereva anafunga breki, haoni ng'ombe. Jumatano anafunga breki, haoni hata mbuzi. Niliwatazama kwenye kamera. Mwanzoni karibu wote walipunguza mwendo, baadaye wachache, mwishowe hakuna. Niliona, nikaendelea kunywa chai.

Alhamisi hii ng'ombe walivuka kweli. Lori lilipita chini ya ubao kwa kasi ile ile, likamkuta mfugaji mmoja, Masanja, katikati ya lami akiwaswaga ng'ombe wake wanne kwenda mnadani. Alifia pale pale.

Dereva yuko rumande. Nasikia alipohojiwa alisema, "Niliuona ubao. Si unasema hivyo hivyo kila siku?" Polisi wakamwona jeuri.

Bosi wangu alipumua. Alinisifu kwamba ubao ulikuwa unawaka, hivyo ofisi haina kesi, akaniagiza niandike taarifa fupi kuwa ulikuwa unafanya kazi siku ya tukio. Nikaandika na kusaini. Kila neno mle ni la kweli, na nimedanganya.

Leo nilikaa jikoni na akina mama, tukichambua mchele. Mjane wa Masanja alikuwa ameambiwa ninapofanya kazi. Akaja akachuchumaa karibu yangu, macho yamevimba.

"Dada, huyo dereva hajui kusoma?"

Nikamwambia sijui.

Aliniitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa kuja. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye anamlaani mtu mmoja usiku na mchana, na anayestahili laana hiyo alikuwa ameshika ungo mbele yake.

Dereva anajua kusoma. Mimi ndiye niliyemzoesha kutoamini anachosoma.

Ubao nimeuzima. Jumatatu sipiti kwa bosi, nakwenda moja kwa moja polisi kuandika maelezo mapya, halafu kwa yule mama. Kazi najua nitaipoteza, na naogopa sana. Nimeyaweka hapa hadharani makusudi. Mnaonisoma, Jumatatu jioni niulizeni kama nilifika.