Isale Kabla ya Kura

Kilema,
Moshi.
20 Novemba 1994.

Mpendwa Shangazi Mektrida,

Shikamoo. Habari za Tabora na joto lake? Goti linaendeleaje, na yule daktari amekuruhusu kwenda kanisani kwa miguu au bado anakukaripia? Sisi huku ni wazima. Mvua za vuli zimeanza, ng'ombe mweusi amezaa jike, na Esther bado anakwenda Tarakea kila siku ya soko kuuza ndizi. Mtoto wake ameota meno mawili na anamuuma kila mtu bila ubaguzi.

Najua unangoja habari za uchaguzi. Nimeshindwa. Diwani ni Primus. 

Nilikuwa nashinda, Shangazi, sijidanganyi. Akina mama walikuwa upande wangu kwa ajili ya bomba la maji, na hata wazee waliokuwa wakiuliza tangu lini mwanamke akasimama jukwaani walishachoka kuuliza. Shemeji yangu Primus alipochukua fomu kwa chama kingine, watu walicheka tu, wakasema vyama vingi vimetuletea ugomvi wa ukoo wenye kibali cha serikali.

Hukuwahi mazishi ya Anselmi, lakini uliambiwa. Primus alisema mbele ya waombolezaji kwamba mume wangu amekufa kwa sababu nilingoja kuuza maziwa kwanza ndipo nikampeleka hospitali. Tangu siku ile hatukusalimiana, na vihamba vyetu vya migomba vinapakana. Miaka mitatu nimelala na maneno yale.

Basi Jumapili ya mwisho kabla ya kura, tulipotoka misa, alinisimamisha mbele ya watu wote. Mkononi ameshika jani la isale. Akapiga goti.

"Mama Esther, nilikukosea siku ya kumzika kaka. Nisamehe."

Mila yetu unaijua. Ukiletewa isale hukatai, hata kama mtu amekuulia ndugu. Nikalipokea kwa mikono miwili, na nakiri nililia. Wazee wakasema yaliyopita si ndwele. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikala chakula nikashiba.

Kesho yake nikakuta kata nzima inasema nimemwachia kiti. Kwao isale ikishapokewa ugomvi umekwisha, na uchaguzi wameuweka humo humo kwenye ugomvi. Nikapita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba nilisamehe maneno ya msibani, sikusamehe udiwani. Hata Theopista, aliyekuwa akininadi kwa sauti kuliko mimi mwenyewe, alinitazama kwa huruma.

"Umepokea isale, halafu unataka kumwangusha? Utatuletea mkosi, Flavia."

Siku ya kura wengi walikwenda kuchuma kahawa. Waliobaki walimpa yeye, kwa moyo safi, wakidhani wananitii.

Primus anasema hakujua watu wangelichukulia hivyo. Ananisalimia kila asubuhi, juzi kaniletea mkungu wa ndizi. Padri ametutaja kwenye mahubiri kuwa mfano wa familia yenye amani. Nimekaa kwenye benchi nasikiliza kama anayetajwa ni mtu mwingine.

Sherehe ya kumpongeza ilifanyika hapa kwetu. Mimi ndiye mke wa kaka mkubwa katika boma, kwa hiyo pombe ya mbege niliipika mimi. Wageni waliisifu sana, wakaomba tena. Nilionja, sikusikia ladha yoyote. Sina hasira, Shangazi, wala huzuni. Nimekufa ganzi tu, na kazi zinaendelea.

Msalimie sana mzee Aminieli, na Jesse na mkewe. Theopista anakukumbuka, anauliza lini utakuja kula Krismasi na sisi. Mheshimiwa diwani naye anasema shikamoo.

Kabla sijafunga, nina swali moja. Wewe ndiwe uliyemlea Primus mama yao alipofariki, unamjua anapodanganya. Niandikie unavyoona, usinifiche. Kura zilihesabiwa mbele yangu, najua nilizopata. Ile toba yake sijui kama niliipata.

Mungu akuzidishie siku na akupe usingizi mwema.

Mke wa mwanao, akupendaye,
Flavia