Shangazi, Nimelitafuta Haragwe Lako Kaidi

Shangazi yangu mpenzi,

Ungekuwa hapa ungeniuliza kwanza kama nimekula, halafu ungeniuliza nimeleta swali gani, maana ulizoea kusema mimi siji kwako Gikundamvura bila swali mfukoni. Nimekula. Na swali ninalo. Wa kulijibu ulikuwa wewe peke yako, kwa hiyo nakuandikia tu, nikijua vizuri kwamba huko uliko barua hazifiki.

Unaukumbuka ule mwaka mvua ilipokatika maharagwe yakiwa kwenye maua? Joto lilikaa bondeni mchana na usiku, halikutoka. Nilishuka kutoka kituo cha utafiti na ile kofia yangu pana, ukaniambia nimevaa sufuria. Tukapita shambani pamoja. Maua yalikuwa yamelala chini, meupe na ya zambarau, na mimi nikaanza somo langu: kwamba joto la usiku ndilo baya zaidi, linaua chavua, ule unga wa dume ndani ya ua, na ua lisipopata chavua iliyo hai linadondoka bila kufunga ganda. Ulinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hukulifanya mara nyingi. Kisha ukanyoosha kidole.

"Sasa chavua ya kale kengine kale, mbona haikufa?"

Nikageuka. Katikati ya mashina yaliyosinyaa kulikuwa na machache, moja hapa, jingine kule mbali, yamejaa maganda kana kwamba hakuna aliyeyaambia habari ya jua. Nimesoma miaka mingi, Shangazi, na tangu siku ile sijapata swali zuri kuliko hilo lako.

Shamba lako halikuwa na aina moja. Ulipanda mchanganyiko kama wanawake wote wa huku: mekundu, ya njano, meusi, yenye madoa, yote kutoka mtungi mmoja, mkono ulichokutana nacho ndicho kilichoingia udongoni. Wenzangu waliosoma mbali walishangaa kwa nini hamtenganishi. Nilipokuuliza, ulicheka kwanza. "Nitenganishe ya nini? Mwaka ya jua ingine itakufa, ingine itabaki. Miye sijue ni gani itabaki. Weye unajua?" Sikujua. Ndiyo kazi iliyoniajiri, kujua ni ipi itabaki na kwa nini.

Basi nikachuma jani moja kwenye shina lililobeba vizuri kuliko yote, nikalitia katika bahasha yenye chembe za kukaushia. Shina lenyewe nikalifunga uzi mwekundu ili ulivune peke yake. Wapi! Ulivuna yote pamoja, ukayapura pamoja, ukayachanganya na majivu katika mtungi wa mbegu, na uzi wangu ukaushonea kifungo. Nilinuna. Ukaingiza mkono mtungini, ukanionyesha punje zenyewe: ndogo, rangi ya majivu, zina mstari wa zambarau mgongoni. "Kakaidi kako haka," ukasema. "Kuja kisha Idi, utachagua yote yenye unataka."

Hukuifikia Idi. Mungu akurehemu.

Watu walikuja kukuzika kutoka Kamembe, kutoka Mibirizi, wengine walivuka kutoka Bukavu. Nyumba ilijaa, uwanja ukajaa, na wanawake wa jikoni wakatafuta cha kuwalisha wageni. Mimi nilikaa mkekani pamoja na wafiwa, nikaletewa sahani, nikala. Yalikuwa matamu, maharagwe yale. Baadaye nilikwenda nyuma kunawa, nikauona mtungi wako wa mbegu umeegemezwa ukutani, umeoshwa, unakauka.

Nikamuuliza mpishi, mke wa binamu yangu. Naye hakuwa na kosa, hakuwa anajua habari ya haragwe letu. "Bantu balikuwa bengi, dada. Tungebapa nini?" Tena aliisifu mbegu yako, akasema haikuwa na mdudu hata mmoja. Wewe uliyekuwa ukitukemea wakati wa njaa, "Ukikula mbegu, utapanda meno?", tulikula mbegu yako yote siku ya kukuzika. Nililia pale penye mtungi. Watu wakanishika mabega, wakadhani ninakulilia wewe. Nilikuwa ninakulilia wewe, na haragwe pia.

Nilibaki na jani. Kituoni tulilisaga, tukatoa vinasaba vyake, tukavisoma. Kwa mashine, haragwe lako sasa linajulikana kuliko mimi ninavyojijua. Tunaona sehemu ambazo halifanani na mengine, na tunashuku kwamba mahali fulani humo ndimo ilimo jeni, au jeni kadhaa, zinazoilinda chavua usiku wa joto. Tunashuku tu. Ili kujua kweli ungehitaji kulipanda, ulipitishe kwenye banda la joto, ulikutanishe na aina nyingine ua kwa ua, uone watoto wanarithi nini. Jani linasomeka, Shangazi, lakini halipandiki. Na jua linazidi. Msimu uliofuata majirani zako walivuna majani matupu.

Ndipo nikakumbuka kwamba huku mbegu hainyimwi. Ukivuna unampelekea jirani, na yako ikipotea unaifuata kwake. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba kama mposaji. Kila mama alinifungulia mtungi wake, na karibu kila mtungi ulikuwa na vipunje vya rangi ya majivu. Nilivibeba mbio kituoni. Tukavipanda, tukachukua majani machanga, tukalinganisha na lile lako. Si yenyewe. Tukarudia na vya nyumba nyingine. Si yenyewe. Kumbe ngozi moja inavaliwa na maharagwe mengi yasiyo ndugu. Kwenye banda la joto yote yalimwaga maua, na mimi chini ya hadubini nikawa naangalia chavua zilizokunjamana, nikiuliza lile swali lako kinyumenyume: ninyi, mbona mlikufa?

Ilibaki nyumba moja. Sikuwa nimeenda kwa Maman Zawadi kwa sababu nilijua habari zenu. Wote tulizijua. Alipohamia hapo ng'ambo ya njia na marehemu mume wake, mligombana kwa ajili ya mtaro wa maji ya mvua, na tangu hapo hamkusalimiana, hata msibani. Mara ngapi tulipita mlangoni kwake, ukaanza kukohoa kwa makusudi? Nilidhani kwake sitakuta hata ganda.

Nilikwenda kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Akaniangalia usoni. "Weye ni mutoto wa kaka yake," akasema. "Una macho yake ya kuuliza." Nikamweleza ninachotafuta. Akaingia ndani, akatoka na debe dogo.

"Mwaka ile ya jua, siye tulikosa yote," akaniambia. "Asubuhi moja nikakuta kikapu kwenye mulango. Hakuna muntu. Kikapu nilikijua, ni yeye tu alikuwa anasuka vile. Nikasema, hizi ni zenye zilimubakia, zenye hapendi. Lakini mbegu ni mbegu. Nikapanda."

Sikukuuliza wewe, maana hupo, basi nilijiuliza mwenyewe njia nzima ya kupanda kurudi kituoni Kamembe. Ulikwenda saa ngapi, hata hakuna aliyekuona? Ulimsamehe, au ulishindwa tu kuvumilia kuona shamba tupu? Na kwa nini hukuniambia, mimi uliyekuwa ukiniambia mpaka habari za meno yako?

Zile za Maman Zawadi tulizipanda katika banda la joto. Maua yakafunguka, na kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika. Mashina mengi yaliyaangusha. Manne hayakuangusha. Chavua zake chini ya hadubini zilikuwa nono, za mviringo, zimekunywa rangi yote niliyozipa, kama inavyokunywa chavua iliyo hai. Nikatuma majani yakalinganishwe na lile la bahasha, nikangoja, na jana majibu yamekuja. Ndilo lenyewe, Shangazi. Limepatikana, liko hai, na sasa naweza kuanza kuliuliza.

Nilimpigia simu Maman Zawadi kabla ya kumwambia mkuu wangu wa kazi. Nilimweleza kwamba kati ya mitungi yote ya mtaa, ni kwake tu lilikosalia, lile lililoshinda jua. Akaniuliza kama kikapu kile kilikuwa na lile zuri tangu mwanzo, siku alipokikuta mlangoni. Nikamwambia ndiyo, lilikuwemo.

"Basi hakunichagulia zile mbaya," akasema. "Alinichotea tu kwenye mutungi yake, kama muntu wake."

Ni mimi, binti wa kaka yako, anayekukumbuka na bado anauliza.